Blanketi, Mbwa wa Kinyozi Kipara

Kinyozi wetu hana hata unywele mmoja kichwani. Utosi wake unang'aa hivi kwamba akiinama kukutengeneza nyuma ya sikio, unaweza kuiona feni ya dari ikizunguka juu yake. Tunamwita Kipara, na huitika bila kinyongo. "Nywele zangu nimewaachia ninyi," husema. "Mimi kazi yangu ni kuzipunguza tu."

Basi mtu huyo ndiye mwenye mbwa mwenye manyoya mengi kuliko kiumbe chochote mjini kwetu. Na mji wenyewe ni wa pwani, joto lake si la mchezo: shati ulilolivaa asubuhi likiwa limenyooka kwa pasi, saa nne limekuganda mgongoni kama tangazo ukutani.

Mbwa alikuja kwa njia ya kiti cha kunyolea. Kulikuwa na mhandisi wa bandarini, mgeni kutoka nchi za baridi, aliyekuwa akinyolewa kwa Kipara tangu afike. Alikuwa na mbwa wa aina ile inayochunga kondoo huko kwao, bado mdogo, mweusi kwa mweupe, kifua kimetuna kama mto wa kitandani. Siku moja mhandisi akaja na habari kwamba amehamishiwa kazi melini, na melini mbwa haruhusiwi. Alizungumza akiwa ameikunja shuka ya kunyolea magotini, asitazame hata kioo.

"Nimeuliza watu wengi," alisema. "Kila mmoja ananiambia mbwa ni mzuri. Hakuna anayesema nitamchukua."

Kipara akazima mashine. Akamtazama mbwa, ambaye alikuwa amelala chali sakafuni chini ya feni, miguu yote juu, ulimi umening'inia kando kama soksi iliyoanikwa.

"Anaitwaje?"

Mhandisi akataja jina refu la kwao.

"Hilo ulimi wangu hauliwezi," alisema Kipara. "Kwangu ataitwa Blanketi."

Hakumuuliza mkewe. Mkewe ni mpishi wa shule, mwanamke aliyezoea kulisha watoto kwa mamia na kuwanyamazisha kwa mwiko mmoja. Alipofungua mlango jioni ile akakuta mkia unafagia bilauri mezani, alisimama pale pale, viatu mkononi.

"Huyu nani?"

"Mgeni."

"Mgeni wa siku ngapi?"

Kipara akajikuna utosi. "Si unajua mwenyewe. Mgeni siku mbili..."

"...ya tatu mpe jembe," alimalizia mkewe. "Haya, tutaona huyu atalima nini."

Na kweli alilima. Alilima godoro mpaka sponji ikachungulia. Alilima kizingiti cha mlango wa nyuma. Alilima maua ya jirani, kisha akarudi ndani na udongo wote aliokuwa nao puani akaupangusa kwenye kochi. Nguo zilizoanikwa alizishusha moja moja na kuzipanga chini kama muuza mitumba. Hakuwa mbaya, jamani. Hakung'ata mtu, hakuiba nyama. Alikuwa na nguvu nyingi zisizo na pa kwenda, kama maji kwenye mpira ulioachwa wazi.

Mkewe ndiye aliyeng'amua kwanza. "Huyu si mtundu," alisema, akishona foronya kwa mara nyingine. "Huyu hana kazi. Mtoto asiye na kazi utamjua tu."

Kipara akaanza kuamka kabla ya jua na kumpeleka ufukweni akimbie. Kusema kweli mbwa ndiye aliyempeleka yeye. Kipara wakati ule alikuwa na tumbo lililomtangulia kufika kila mahali, na wavuta nyavu walizoea kumwona akipita anaburutwa, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Blanketi alikimbia kwa duara kubwa, akawazunguka wapita njia, akawazunguka kunguru, akalizunguka hata wimbi lililokuwa likirudi baharini, kana kwamba naye amepewa kazi ya kulirudisha.

Dukani sasa. Kila aliyeingia alikuwa na ushauri, na ushauri wote ulikuwa mmoja: mnyoe.

"Mashine unayo, wembe unao, mbwa anakufa kwa joto. Unangoja nini?"

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema mbwa wake asinyolewe!"

Tulicheka, na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Kipara hakubisha wala hakunyoa. Alikwenda kumuuliza daktari wa mifugo, dada mmoja mpole ambaye ofisi yake iko nyuma ya soko. Dada akayapenyeza vidole katika yale manyoya mpaka yakamfika viganjani.

"Usimnyoe," alisema. "Haya kwake ni sweta, lakini ni mwavuli pia. Ukiyatoa, jua litaipiga ngozi ambayo haijawahi kuonana na jua. Mchane tu. Haya laini ya ndani yanayokufa, yatoe, hewa ipite. Maji awe nayo muda wote. Na kabla hujamtoa nje, weka kiganja chako chini barabarani. Ukishindwa kukiacha hapo, na yeye asikanyage."

Basi tangu siku hiyo, kila jioni akishafunga duka, Kipara alimpandisha Blanketi kwenye benchi la wateja na kumchana kwa chanuo la chuma, kuanzia shingoni mpaka mkiani, fungu kwa fungu, kama anavyomtengeneza bwana harusi. Manyoya yaliyotoka yangejaza mto. Yaliyobaki yaling'aa. Watu waliokuwa wakipita wakisema "maskini mbwa yule" wakaanza kusimama mlangoni na kusema "hebu mtazame". Kipara alikuwa anajifanya hasikii, lakini shingo yake ilikuwa inarefuka.

Kitu kingine mbwa alijifunza pale pale dukani bila kufundishwa na mtu. Kipara akimnyoa mtoto asiyekaa vizuri, humwambia, "Tulia!" kwa sauti nzito, taratibu. Kila aliposema hivyo, Blanketi alijilaza chini papo hapo, kidevu sakafuni, hata kama alikuwa mlangoni. Ikafika mahali mtoto anaruka kwenye kiti na mbwa ndiye anayetulia.

Ukafika mwezi ambao mpwa wa mkewe Kipara aliolewa, mji wa mbali. Mke na mume wakaenda harusini, na Blanketi wakamwacha kwa mama yake Kipara.

Mama huyu ni mjane. Marehemu mumewe naye alikuwa kinyozi, na duka la Kipara lilianzia kwake. Anaishi peke yake pembeni mwa mji, karibu na bwawa, katika nyumba ndogo yenye sakafu ya saruji na uwa mpana, na anafuga bata. Mama hakumpenda mbwa wala hakumchukia. Alikuwa anamwita "ule mzigo wa manyoya". Mwanawe alimwachia maelezo yote ya maji, kivuli na chanuo. Jambo moja tu hakulisema, kwa sababu halikumjia akilini kwamba linahitaji kusemwa.

Mama yule ni mtu wa huruma, na huruma yake haikai moyoni, hushuka mikononi. Alimtazama mbwa akihema adhuhuri, mbavu zikipanda na kushuka, akashindwa kuvumilia. Akaenda kwenye sanduku la marehemu, akatoa mashine ya kunyolea ya zamani, ile ya kubana kwa vidole, akaitia mafuta. Alianzia mabegani, akashuka na mgongo wote, akavuka mbavu pande zote mbili, mpaka mashine ikasongwa na manyoya na kugoma kiunoni. Blanketi akabaki na kifua cha simba mbele, mgongo mtupu katikati, na nyuma kama aliyevaa suruali ya sufu.

Mbwa mwenyewe alifurahi kweli. Alikimbia uwani juani mchana kutwa, kesho yake vile vile. Siku iliyofuata mgongo ulikuwa mwekundu, umevimba, ngozi imeanza kutoka kama rangi ya ukuta wa kale. Akajibanza chini ya kitanda na hakutoka hata alipoitwa kula.

Mama alimpigia simu mwanawe kwa sauti ambayo Kipara anasema hakuwahi kuisikia tangu msiba wa baba yake. Wakaondoka kabla ya karamu ya mwisho.

Kipara aliingia, akapiga magoti, akainua shuka la kitanda, akaona. Mkewe akamwona akifumba na kufumbua ngumi.

"Mama," alisema.

"Sema tu, mwanangu. Chochote utakachosema nakistahili."

Kipara akashusha shuka la kitanda. Akainuka, akatoka, akafungua bomba la uwani na kuweka kichwa chote chini ya maji. Aliporudi, utosi unachuruzika, alipiga magoti tena na kumvuta mbwa taratibu kwa miguu ya mbele mpaka akatoka kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye mpaka wa manyoya, pale mashine ilipoanzia.

"Mama," alisema, "huu mstari wa mabegani umeunyoosha vizuri. Hata mimi nisingeunyoosha hivi."

Mama akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. Mkwe akamkumbatia. Wakalia na kucheka wote wawili, na mbwa naye, akiona watu wamekusanyika, akatingisha mkia kwa mara ya kwanza siku ile.

Daktari wa mifugo alikuja, akasafisha mgongo, akapaka dawa. Alisema ngozi itapona na manyoya yatarudi, ila itachukua muda, na katika muda huo mbwa asitoke juani bila kuvikwa kitu chepesi cha pamba. Alishauri pia asisafirishwe mpaka dukani. Pale kwa mama pana sakafu baridi na kivuli, abaki.

Usiku ule mama hakulala mapema. Alifungua tena sanduku la marehemu na kutoa koti lake jeupe la kazi, lile alilolivaa akinyoa watu miaka yote. Akalikata, akalishona upya kwa mkono, mikono ya koti ikawa ya miguu ya mbele, vifungo vikapanda tumboni. Mfuko wa chanuo ulibaki ubavuni, hakuwa na moyo wa kuubandua. Asubuhi Blanketi akatoka uwani amevaa koti la kinyozi, safi, limepigwa pasi. Mkewe Kipara alipomwona alishika nguzo ya mlango asianguke kwa kicheko. "Shikamoo, baba mkwe," alimwambia mbwa.

Sasa nieleze habari za bata, maana ndipo mambo yalipogeukia.

Bata wa mama walikuwa kama thelathini, na kiongozi wao ni dume moja kubwa lenye kifua cha askari. Kila asubuhi wakifunguliwa hutaka kwenda bwawani, na njia yao fupi inapita katikati ya matuta ya mboga ya jirani, mzee mmoja mkavu tunayemwita Bwana Bustani. Bata hawapiti tu, wanapita wakionja. Zamani mama aliweza kuwazuia kwa fimbo na kuwapitisha kando ya uzio. Lakini magoti yalishamgomea. Akiwahi kushoto, wao wako kulia. Jioni kuwarudisha ilikuwa kazi ya mtaa mzima.

Bwana Bustani si mtu wa makelele. Alikuwa anakuja na mche uliong'olewa, anauweka kizingitini pa mama, anaondoka. Miche hiyo ilipozidi, alikwenda kwa mkuu wa mtaa. Mkuu wa mtaa ni mama mmoja wa sauti laini na maamuzi magumu. Akasikiliza pande zote mbili, kisha akasema: ama bata wazuiliwe wasikanyage bustani, ama wauzwe, na mwezi usiishe.

"Niwafungie bandani?" mama alimuuliza mwanawe. "Bata bila maji ni kuku mwenye huzuni. Bora niwauze." Lakini alisema hivyo huku anakoroga chakula chao, na Kipara aliona mkono unavyokoroga polepole. Tangu baba yake afariki, wale bata ndio waliokuwa wakimwamsha mama.

Asubuhi moja mgongo wa Blanketi ulipoanza kupata nafuu, mama aliwafungulia bata kama kawaida, na kama kawaida wakashika njia ya bustani. Mbwa alikuwa amelala barazani na koti lake. Mama anasimulia kwamba alimwona akinyanyua kichwa, masikio yakasimama, na mara akawa hayupo. Mama akapiga yowe. Aliona mwisho wa bata wake na mwisho wa ujirani kwa pamoja.

Lakini mbwa hakuwaendea bata. Alikimbia mbali nao, kwa duara kubwa, akapita upande wa pili wa bustani na kutokea mbele yao. Hapo akajishusha mpaka tumbo likagusa nyasi, shingo mbele, macho yamewatoboa. Hakubweka. Bata wakasimama. Dume likatanua mabawa, likapiga hatua. Mbwa naye akasogea kidogo, mguu mmoja, akaganda. Dume likatazama kushoto, likatazama kulia, kisha likageuka kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani. Na wote wakageuka nyuma yake. Wakarudi mpaka uwani wamebanana kama kifurushi, na nyuma yao anakuja yule wa koti jeupe, kushoto, kulia, kushoto. Mama aliduwaa mpaka akajikuta amefungua mlango wa banda bila kukusudia. Wakaingia wote.

Simu iliita dukani mimi nikiwa kwenye kiti, nusu ya ndevu imekwenda.

"Njoo," mama alisema.

"Amekula wangapi?" Kipara aliuliza, uso umemshuka.

"Hajala hata mmoja. Wewe njoo uone."

Aliniacha na nusu ya ndevu. Simlaumu.

Kuanzia hapo Kipara alikuwa kwa mama yake kila alfajiri, kabla ya kufungua duka. Neno "tulia" mbwa alikuwa nalo tayari, na likawa ndilo la kumlaza chini asiwahimize bata kupita kiasi. Mengine walitafuta pamoja. "Zunguka" ikawa ya kwenda mbali na kutokea mbele. "Kando" ikawa ya kuwapitisha kwenye uzio. Msidhani ilikuwa rahisi. Siku moja aliwaingiza bata wote jikoni kwa mama, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na yeye aliona mlango ni mlango. Siku nyingine Kipara aliteleza, akakaa kitako kwenye tope la bwawa, na mbwa akalileta dume moja kwa moja mapajani pake. Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

"Usimpigie kelele! Mwambie kama unavyomwambia mtoto wa watu."

"Mama, ni mbwa."

"Ndiyo, mbwa anayevaa koti la baba yako. Mheshimu."

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Mama akamtumia ujumbe mkuu wa mtaa: njoo asubuhi uangalie, na Bwana Bustani aje pia. Wakakubaliana Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku ya kinyozi. Ni siku ambayo duka hufurika mpaka nje. Asubuhi hiyo tulikuta mlango umefungwa. Hakuna aliyewahi kuuona umefungwa Jumamosi, hivyo tukaulizana, tukaambiana, na kundi zima la wanaume wenye ndevu na vichwa vya msitu tukaenda bwawani.

Tulimkuta Kipara amevaa shati la kutokea, jasho linamtoka hata jua halijapanda. Mkewe alikuwa anamnong'oneza, "Pumua. Unanyoa watu karibu na shingo kila siku, leo bata wanakutetemesha?" Mkuu wa mtaa alikuwa amesimama na mwavuli wake. Bwana Bustani alikuwa kwenye ukingo wa matuta yake, mikono kifuani, kama mlango uliotiwa komeo.

Mama akafungua banda mwenyewe.

Bata wakatoka na kushika njia ile ile. Kipara akasema, "Zunguka," na sauti ikamkwama katikati. Lakini mbwa alishaondoka. Koti jeupe lilipita nyuma ya mchongoma, likapotea, likatokea kule mbele. Alijilaza. Bata wakasimama. "Kando," Kipara alisema, na sasa sauti ilikuwa ile ya dukani. Kundi likapinda kama kamba inayovutwa, likaanza kufuata uzio, nje ya tuta la kwanza, nje ya la pili.

Hapo dume, ambalo nadhani lilijua siku ile lina watazamaji, likachomoka. Likapiga mabawa, likaruka tuta, na bata kadhaa wakalifuata katikati ya mboga. Nilimwona Bwana Bustani akifungua mikono. Nilimwona mama akiziba mdomo. Kipara alikuwa na nafasi ya kupiga kelele, kukimbia, kuwafukuza kama ambavyo sisi sote tungefanya. Alisimama.

"Tulia," alisema taratibu.

Blanketi akaganda. Dume nalo, likiona halifukuzwi, likapunguza mwendo, likaangaza. "Haya, zunguka. Polepole." Mbwa akapita kwenye mfereji kati ya matuta, akitembea kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga, asikanyage mche hata mmoja, akatokea nyuma ya dume na kulikazia macho. Walitazamana. Kisha dume likashusha mabawa na kurudi uzioni kwa maringo, kana kwamba ndiko lilikokuwa linaelekea tangu mwanzo. Kundi likaungana. Wakafika bwawani, wakaingia majini mmoja mmoja, chubwi, chubwi, na mbwa akalala ukingoni, ulimi nje, akamtazama Kipara.

Watu tulishangilia kama uwanja wa mpira. Na kelele zile zikamfanya Blanketi ageuke na kutuona: watu wamesambaa huku na huku, bila mpangilio wowote. Hilo hakuliweza. Akainuka na kuanza kutuzunguka. Akamsukuma fundi viatu kwa bega, akamrudisha dereva mmoja aliyejitenga, akambana mkuu wa mtaa magotini mpaka mwavuli ukapinda. Bwana Bustani alijaribu kubaki kwenye tuta lake, mbwa akajilaza mbele yake na kumkazia macho yale yale ya dume.

"Na mimi unanipeleka bandani?" aliuliza mzee.

Mbwa akasogeza mguu mmoja. Bwana Bustani akapiga hatua kuja kwetu. Mdomo wake, ambao hatujawahi kuuona ukipinda kwenda juu, ulipinda.

Mkuu wa mtaa akaunyoosha mwavuli wake. "Bata wabaki," alisema. "Na kama huyu ana muda, nina vikao vyangu vya wajumbe naomba aje avifunge."

Mambo yaliendelea kuwa mema kuliko tulivyotegemea. Mvua zilipokuja, konokono waliivamia bustani, na Bwana Bustani akaja kizingitini kwa mama mikono mitupu, akakohoa sana kabla ya kusema alichokuja kusema. Alitaka bata waingie kwenye matuta aliyokwisha kuvuna, wamlie konokono, lakini waingie na Blanketi, wasivuke kwenda kwenye miche. Mama akamwambia atafikiria. Alifikiria kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, kisha akafungua banda. Siku hizi mzee huyo akipita dukani hunyolewa akiulizwa habari za bata, na hujibu kama mshirika wa biashara.

Manyoya ya mgongo yalirudi, meusi zaidi ya yale ya zamani, yana wimbi kidogo. Koti jeupe limefuliwa, limewekwa kwenye sanduku. Blanketi anafanya kazi alfajiri, jua likipanda yuko dukani chini ya feni, na jioni anarudi bwawani. Godoro la nyumbani kwa Kipara ni jipya na halina hata alama ya jino. Kipara mwenyewe tumbo limerudi ndani, anatembea mbele ya mbwa na kandambili zote mbili ziko miguuni. Mgeni akiingia dukani na kumsifia mbwa, Kipara hazimi mashine. Anaendelea kunyoa, anasema tu, "Ah, anajitahidi," lakini sisi tulio kwenye benchi tunaona kwenye kioo jinsi uso wake unavyojaa.

Mwaka huu mama aliugua homa, ikamlaza kitandani kwa siku kadhaa. Mkwe wake alihamia kwake kumuuguza, na asubuhi alikuwa anafungua banda na kurudi jikoni. Kipara alikuwa dukani, basi hakukuwa na mtu wa kusema zunguka wala kando. Blanketi aliwapeleka bata bwawani mwenyewe kwa njia ya uzio, na jioni akawarudisha mwenyewe, mpaka mlangoni pa banda, akajilaza hapo akingoja mtu wa kufunga.

Nilikwenda kumjulia hali mama siku ya pili. Alikuwa amesogezewa kitanda dirishani. Tukasikia sauti za bata zikikaribia, na nje wakapita watu wawili wasio wa mtaa wetu, wakasimama njiani kustaajabu. "Hebu ona!" mmoja alisema. "Mbwa wa nani huyu, anachunga peke yake?"

Mama hakuwa na nguvu ya kunywa hata uji siku ile. Lakini alishika ukingo wa dirisha, akajiinua mpaka uso wake ukatokea nje, shuka limemwangukia mabegani.

"Huyo ni wa kwetu," aliwaambia. "Ni wa mwanangu, kinyozi."